Mikati, Kituo na Mpaka: Juu ya Neno Moja katika Vijitabu vya Hija

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kushughulika na riwaya, tamthilia na ushairi, na hapana ubaya katika hilo. Lakini yako maandishi mengine ya Kiswahili ambayo husomwa kwa uangalifu mkubwa kuliko riwaya yoyote, tena na watu ambao huenda wasilishike jarida hili mikononi mwao kamwe. Vijitabu vya kuwafundisha mahujaji ni miongoni mwa hayo. Msomaji wa riwaya akiruka ukurasa hapotewi na kitu. Msomaji wa kijitabu cha hija akilielewa neno vibaya hupotewa na mbuzi, na pengine na utulivu wa safari aliyoiwekea akiba nusu ya umri wake. Makala haya yanakusudia kulitazama neno moja tu la vijitabu hivyo, nalo ni mikati, na kuzipima tafsiri mbili ambazo hutiwa mahali pake, yaani kituo na mpaka. Rai yangu ni kwamba zote mbili hazifai, na kwamba hoja za kuzikataa hazitoki katika Kiarabu tu, bali zimo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Tuanze na maana. Mwislamu aendaye Makka kwa hija au umra haruhusiwi kuufikia mji huo akiwa katika hali yake ya kila siku. Kuna mahali patano, palipouzunguka mji kwa mbali, ambapo akifika ni lazima atie nia na kuingia katika hali takatifu iitwayo ihramu. Tangu hapo hawindi, hakati nywele wala kucha, hajitii manukato, hamwingilii mkewe, na kama ni mwanamume havai nguo iliyoshonwa kwa umbo la mwili. Kwa mapokezi ya Ibn Abbas yaliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliweka mikati nne: Dhul-Hulayfa kwa watu wa Madina, Juhfa kwa watu wa Sham, Qarn al-Manazil kwa watu wa Najd na Yalamlam kwa watu wa Yemen. Ya tano ni Dhat Irq, nayo ni ya watu wa Iraki. Umbali wake haulingani hata kidogo. Dhul-Hulayfa iko kilomita zipatazo 10 tu kutoka mji wa Madina, lakini ni zaidi ya kilomita 400 kabla ya kuifikia Makka. Yalamlam iko kusini, kiasi cha kilomita 100.

Habari ya Dhat Irq inastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu ndiyo itakayotusaidia baadaye. Bukhari amepokea kwamba watu wa Basra na Kufa walimwendea Khalifa Umar wakamlalamikia kuwa Qarn iko kando ya njia yao, na kwamba kuipinda safari mpaka huko ni taabu. Umar hakuwalazimisha kupinda. Aliwaambia watazame katika njia yao wenyewe mahali palipo sambamba na Qarn, na hivyo Dhat Irq ikawekwa. Kumbe basi mikati si lazima iwe nukta ambayo mguu wa msafiri hauna budi kuikanyaga. Anayepita kando yake amekwisha kuifikia pale alipolingana nayo.

Hivyo ndivyo walivyofanya mahujaji wa Afrika Mashariki siku za meli. Waliondoka Mombasa au Unguja, wakapitia Aden, wakaingia Bahari ya Shamu, na walipokuwa sambamba na Yalamlam wakahirimia wakiwa juu ya maji. Mlima wenyewe uko bara, na meli haikutia nanga. Ilipiga honi, na abiria wakajua. Katika njia hiyohiyo kilikuwapo kisiwa cha Kamaran, ambako serikali ya Waturuki ilifungua karantini mwaka 1882. Hapo meli za mahujaji kutoka kusini zilisimama kweli, watu wakateremshwa wakakaguliwa, na nguo zao zikafukizwa dawa. Kamaran kilikuwa kituo kwa maana kamili ya neno hilo. Yalamlam haikuwa kituo, wala haijapata kuwa kituo kwa mtu wa baharini.

Tofauti hiyo kati ya Kamaran na Yalamlam ndiyo inayopotea pale mfasiri aandikapo kituo cha Yalamlam. Kituo ni nomino itokanayo na kitenzi tua. Mchukuzi hutua mzigo, ndege hutua, jua hutua. Katika matumizi yote hayo mna kushuka na mna kusita. Ninapoishi, Nyakoe, katika barabara itokayo Kisii kwenda Oyugis na Kisumu, watu wana vituo vingi: kituo cha matatu, kituo cha polisi, kituo cha afya, kituo cha kununulia majani ya chai, na kila baada ya miaka mitano kituo cha kupigia kura. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mtu hukipita bila kusimama akahesabiwa kuwa amekifikia. Mtu wa Nyakoe akiambiwa kuwa jambo fulani litafanywa kituoni, hukaa akingoja kufika, gari lisimame, mlango ufunguliwe na utingo aite jina la mahali.

Hapa sina budi kueleza jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nimerudi karibuni kutoka ng'ambo na shahada yangu ya pili, Waislamu wachache wa sehemu zetu waliniletea mswada wa kijitabu cha hija walichotaka kukipiga chapa. Mimi si Mwislamu. Walinijia kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili, wakaniomba nisahihishe lugha tu. Niliona neno mikati katika karibu kila ukurasa, nikalikata kila lilipotokea, na juu yake nikaandika kituo. Pambizoni niliandika kwamba maneno mazito yaepukwe ili mwananchi wa kawaida aelewe. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Mzee mmoja, jirani yangu, alikwenda hija na kijitabu hicho. Alikisoma mpaka akakihifadhi. Kwa kuwa kilimwambia kwamba ihramu huvaliwa kituoni, alizikunja shuka zake mbili nyeupe vizuri, akazitia katika sanduku kubwa, na sanduku likachukuliwa likawekwa tumboni mwa ndege. Angani ilitangazwa kwamba baada ya dakika chache wangepita mikati. Mzee alisikia tangazo, lakini neno alilolisikia halikuwamo katika kitabu chake, kwa maana mimi nilikuwa nimelikata; na neno lililokuwamo kitabuni hakulisikia likitangazwa. Akaendelea kukaa.

"Mwalimu," aliniambia aliporudi, "kituo nilikingoja mpaka magurudumu yakagusa chini."

Alihirimia Jeddah. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ifuatwayo na walio wengi katika pwani yetu, mwenye nia ya hija au umra akiipita mikati bila ihramu hutakiwa arudi, na asiporudi ni juu yake kuchinja. Msafara wake haukuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Alilipa bei ya mnyama mmoja, akachinjiwa Makka. Wako wanavyuoni waliopata kusema kwamba msafiri wa ndege aweza kuhirimia Jeddah, lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 liliamua kwamba anayesafiri angani au baharini ahirimie anapolingana na mikati iliyo katika njia yake. Uamuzi huo, kama tuonavyo, una mizizi katika jibu la Umar kwa watu wa Iraki.

Haki inanitaka niseme kwamba neno kituo halikumponza mzee peke yake. Lilisaidiwa na kosa la pili, ambalo silo langu, kwani nalikuta limeenea: usemi wa kuvaa ihramu. Katika mazungumzo ya kila siku, zile shuka mbili zenyewe huitwa ihramu, na dukani mtu huulizia bei ya ihramu kama aulizavyo bei ya kanzu. Hakuna wa kulizuia hilo. Lugha hukipa kitu jina la jirani yake kila siku. Lakini katika maandishi ya mafunzo usemi huu una hatari. Ihramu ni hali, na mlango wa hali hiyo ni nia. Mwanamume aweza kuzifunga shuka zake nyumbani Nyakoe, au Nairobi kabla ya kupanda ndege, na bado asiwe ameingia katika ihramu mpaka atie nia. Na mwanamke hana shuka maalumu hata moja, lakini huingia katika ihramu sawasawa na mumewe. Anayefundishwa kuvaa ihramu kituoni amefundishwa kwamba jambo lenyewe ni nguo na kwamba nguo ina mahali pa kubadilishia. Ninavyoona, Kiswahili cha pwani kilikwisha kututolea kitenzi kizuri zaidi, nacho ni kuhirimia. Mtu huhirimia hija au huhirimia umra. Kitenzi hicho kina shamirisho, na shamirisho yake ni ibada. Hakuna awezaye kuhirimia shuka. Ajabu ni kwamba waandishi wengi wa bara hukikwepa kwa kukiona kigumu, kisha hutumia maneno matano yenye kupoteza kile ambacho neno moja lilikihifadhi.

Tuje kwenye mpaka. Tafsiri hii ni bora kuliko ile ya kwanza, na inafaa ipewe heshima yake kabla ya kukataliwa. Neno mpaka lina sifa moja ambayo mfasiri angeweza kuisafiria mbali kuitafuta: hushika mahali na wakati kwa pamoja. Twasema mpaka wa shamba, na twasema mpaka jioni. Mikati nayo ina pande hizo mbili. Wanafiqhi huigawa katika mikati ya mahali, ambayo ndiyo tunayoizungumzia, na mikati ya wakati, yaani miezi ya hija: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili na siku za mwanzo za Mfunguo Tatu. Katika Kurani, aya ya 189 ya sura ya pili huitaja miezi mwandamo kuwa ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa hija, na neno litumikalo hapo ni wingi wa mikati. Katika sura ya saba, mikati ni miadi ya Nabii Musa na Mola wake, iliyotimia kwa masiku arobaini. Kwa hiyo wakati ndio ulioitangulia maana ya mahali.

Hata hivyo mpaka unashindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitaalamu. Eneo takatifu la Makka lenyewe lina mipaka yake, mmojawapo ukiwa Tan'im, kilomita chache tu kutoka Al-Kaaba, na mipaka hiyo ina sheria zake za mawindo na za kukata miti. Mikati ni duara jingine, la nje na lililo mbali zaidi. Kijitabu kiitacho vyote viwili mipaka kitamfanya msomaji afikiri kwamba ni jambo moja.

Sababu ya pili ni ya hisia za neno, na kwa watu wa Kisii na Nyamira ni nzito kuliko ya kwanza. Kwetu mashamba ni madogo, watu ni wengi, na baba hugawa ekari moja kwa wana watatu. Neno mpaka halitamkwi kwetu bila kuleta mbele ya macho ua lililosogezwa usiku, wazee walioitwa kuamua, na ndugu wasiosalimiana. Mpaka ni mahali ambapo mtu mwingine hatakiwi kupita. Lakini tazama jinsi Mtume alivyozieleza mikati katika mapokezi yale ya Ibn Abbas. Alizigawa kwa watu wa nchi mbalimbali, kisha akaongeza kwamba kila moja ni ya wenyewe na pia ni ya yeyote asiyekuwa wa nchi ile atakayepitia hapo kwa nia ya hija au umra. Na akaaye ndani yake, basi huanzia hapo alipo. Ni mpaka gani wa shamba huko Kitutu uliowahi kuwa wa mwenyewe na wa mpita njia kwa haki sawa? Mikati haimfukuzi mtu. Humtaka apite, lakini apite akiwa amebadilika.

Basi mfasiri afanye nini? Jibu langu ni kwamba asifasiri. Neno mikati si geni katika nyumba ya Kiswahili kama nilivyodhani nilipokuwa na kalamu nyekundu mkononi. Lina ndugu watatu ambao tunaishi nao siku zote. Katika Kiarabu, mizizi ianzayo kwa w hutoa nomino za umbo moja: kutokana na mzizi wa kupima twapata mizani, kutokana na ule wa kurithi twapata mirathi, kutokana na ule wa kuahidi twapata miadi, na kutokana na ule wa wakati twapata mikati. Tena Kiswahili kimechukua na upande wa pili wa kila jozi. Tuna wizani na mizani, urithi na mirathi, waadi na miadi. Tuna wakati, kilichobaki ni kuikubali mikati ikae karibu na nduguye. Mkulima wa Nyakoe huitazama mizani kwa jicho kali kila apelekapo majani ya chai, na sijapata kusikia akiomba ipewe jina jepesi. Kesi za mirathi zimejaa mahakamani Kisii, na mama mjane asiyejua kusoma hulitamka neno hilo bila kujikwaa.

Undugu huo hutatua pia swali dogo la sarufi ambalo wanafunzi wangu hubishana juu yake: je, tuseme mikati tano au mikati mitano? Wanaosema mitano wamedanganywa na silabi ya kwanza, wakaidhania kuwa ni kiambishi cha wingi, kana kwamba ipo mkati moja. (Mmoja wao aliandika katika mtihani mikate mitano, nikashindwa kujua kama nicheke.) Lakini katika somo la ushairi wanafunzi haohao husema kipande kina mizani nane, wala hawasemi minane. Ngeli ni ileile: mikati hii, mikati hizi, mikati tano.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulipuuza, kwani lilikuwa langu. Husemwa kwamba kushikilia istilahi za Kiarabu ni kuwafungia mlango watu wa bara, ambao hawakukulia chuoni. Wasiwasi huo ni wa haki. Lakini waliotutangulia katika kazi hii hawakuona kwamba njia ni mbili tu, ama kuacha neno tupu ama kuling'oa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa magazeti yake Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, shabaha yake ilikuwa kuwafundisha Waislamu dini yao kwa Kiswahili. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipotoa tarjuma yake kamili ya Kurani mwaka 1969, aliijaza maelezo. Neno huachwa, na maelezo huletwa karibu nalo. Mtu wa bara hafungiwi mlango na neno asilolijua iwapo ameelezwa. Hufungiwa na neno analolijua likitumiwa kwa maana isiyokuwa yake. Mzee jirani yangu alilijua neno kituo sana. Ndilo kosa lenyewe.

Na maelezo hayo Kiswahili kinayaweza kwa wepesi wa ajabu, kwa sababu ya kirejeshi -po-. Tukisema alipohirimia, hatujasema kama ni wakati au ni mahali, wala hatuhitaji kusema. Alipofika, alipolingana, alipopita: sarufi yetu inaziweka pande mbili za mikati katika silabi moja, jambo ambalo wanafiqhi hulieleza kwa milango miwili mbalimbali. Katika ndege, silabi hiyo ndiyo iliyo sahihi kuliko neno lolote. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa hupita zaidi ya kilomita 13 kila dakika. Abiria haoni mlima wala msikiti, huambiwa dakika tu. Mahali pamegeuka kuwa wakati tena, kama neno lenyewe lilivyoanza.

Mwaka jana kijitabu kile kilihitaji kupigwa chapa mara ya pili, na kwa ukarimu nisioustahili mswada uliletwa kwangu tena. Nilirudisha mikati kila mahali nilipokuwa nimeikata. Ilipotokea mara ya kwanza niliongeza maelezo haya: mikati, yaani pale ambapo mwenda hija hapiti ila amekwisha kuhirimia, awe anatembea, anaelea au anaruka, na hata kama chombo chake hakisimami. Kuvaa ihramu nilikuondoa, nikaandika kufunga shuka pale palipohusu shuka, na kuhirimia pale palipohusu nia.

Kabla ya kuurudisha nilimpelekea mzee ausome. Aliukalia siku tatu. Maelezo yangu ya mikati aliyakubali, ila alisema neno kuelea lingewafanya watu wafikirie kuzama, tukaweka kusafiri baharini. Kisha akaomba iongezwe sentensi moja, nayo tuliiweka mwanzoni kabisa mwa sura, kabla ya neno lolote la Kiarabu: shuka zako usizitie katika sanduku linalochukuliwa mlangoni, zibebe mkononi.